Foleni ya Vipande vya Sabuni

Senti alikuwa mtu wa kumi na nne kwenye foleni, na wala hakuwa na haja ya sabuni.

Nyumbani ilikuwa imejaa. Chini ya kitanda cha mama yake kulikuwa na mabeseni mawili ya vipande, na nyuma ya vikombe vya wageni, kabatini, kulikuwa na mfuko mwingine uliofungwa kwa kamba. Mama yake alikwisha kusema kwamba mvua moja tu ikivuja kwenye bati, nyumba nzima itatoa povu. Hata hivyo, kila Jumamosi saa moja asubuhi, Senti alibeba kikapu chake, akatembea kwa miguu saa nzima hadi lango la nyuma la kiwanda cha sabuni, ambako miche iliyovunjika mashineni iliuzwa kwa kilo, kwa nusu ya bei ya dukani. Hapo alisimama masaa mawili. Kisha saa nyingine ya kurudi. Masaa manne jumla, na alichookoa, ukikipigia hesabu vizuri, ni nauli ya basi ya kwenda na kurudi na chenji ya kununulia kiberiti.

Jina la Senti alipewa na wenzake wa karakana ya kushona sare, ambako kazi yake ilikuwa vifungo na matundu yake. Kila jioni aliinama kuokota vifungo vilivyoanguka sakafuni wakati wenzake wanakimbilia mlangoni. Hakulichukia jina lile. Mtu mmoja alikuwa akilitamka kwa namna ambayo lilimfanya asitamani kuitwa kitu kingine chochote.

Mtu huyo alikutana naye hapo hapo kwenye foleni, miaka mitatu iliyopita. Alikuwa kibarua katika ghala la rangi, mrefu wa kupitiliza, na asubuhi hiyo ya baridi alisimama mbele yake akazuia jua lote.

"Kaka, hebu sogea kidogo, unanizibia jua," Senti alimwambia.

"Wenzako kivuli wanakilipia, dada yangu," yule kijana alijibu bila kugeuka.

Walicheka mpaka wakafika kwenye mizani. Wakarudi pamoja, kwa miguu, wakiongea. Jumamosi iliyofuata wakakutana tena, na iliyofuata, na iliyofuata, mpaka watu wa foleni wakawabatiza Bwana na Bibi Sabuni. Senti alimwita Mrefu. Alimpenda zamani sana kabla ya kukubali mwenyewe kwamba anampenda, na kila alipokwenda kulala Ijumaa moyo ulikuwa unamdunda.

Kisha Mrefu akapandishwa cheo. Akawa karani wa ghala, halafu msimamizi, akavaa tai. Miezi mitano sasa alikuwa hajakanyaga langoni. Badala yake alimletea Senti katoni nzima ya sabuni kutoka dukani, miche ishirini na minne isiyo na ufa, akaishusha sebuleni huku anatabasamu. "Sasa pumzika," alimwambia. "Tusipoteze muda tena kwa vitu vidogo." Senti alishukuru kwa mdomo. Usiku alilia kwenye mto, na angeulizwa analilia nini, asingejua aanzie wapi.

"Bibi Sabuni!" aliita mwanamke mwenye ndoo ya bluu, mama mmoja mcheshi aliyefua nguo za watu kwa riziki yake. "Leo tena peke yako? Bwana Sabuni kakuacha kwenye mataa?"

"Atakuja," Senti alisema. "Jana nilimwambia."

"Ulimwambia njoo, au ulimwambia nini?"

Senti akainamia kikapu. "Nilimwambia kesho ni Jumamosi."

"Ee Mungu wangu!" Yule mama akaweka ndoo chini ili apate nafasi ya kucheka. "Mwanangu, mwanamume haambiwi kwa mafumbo! Ukimwambia kesho ni Jumamosi, atakujibu keshokutwa ni Jumapili."

Senti naye alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Maana ndivyo Mrefu alivyojibu, neno kwa neno. *Ndiyo, na keshokutwa ni Jumapili, naondoka.* Kampuni ilikuwa imefungua tawi kwenye mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, naye ndiye aliyepewa kulisimamia; angesafiri na lori la kukodi lililobeba vyombo vyake. Kabla ya kuondoka alitaka mambo yawe wazi. Siku hiyo, saa tisa alasiri, dada yake mkubwa angekuja kwa mama yake Senti kuzungumza habari za ndoa. Kilichobaki ni Senti kusema ndiyo.

Na alitaka kusema ndiyo. Shida ni kwamba miezi mitano hii alimwona Mrefu kwa dakika kumi kumi, mlangoni, simu mkononi, gari likinguruma nje. Alihisi anaolewa na mtu aliyekwisha kuondoka. Ndiyo maana asubuhi ile alisimama kwenye foleni akitazama barabara kila baada ya muda, akijiambia, akija hata mara hii moja, nitajua.

Saa nne simu ililia. Alikuwa mama yake, ananong'ona.

"Wewe uko wapi? Wageni wamefika."

"Wageni gani? Si walisema saa tisa?"

"Gari la ofisi linatakiwa mchana, wameona waje mapema. Nimewawekea chai. Dada mtu ananiangalia na mimi namwangalia. Njoo upesi."

"Na Mrefu yupo?"

"Si ndiye huyu amekaa hapa na tai yake! Unamtaka nani tena?"

Kwa hiyo wakati yeye anamtafuta kwa macho barabarani, Mrefu alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyumbani kwao anamngoja. Senti alihesabu foleni kwa macho. Mbele yake palikuwa na watu sita tu.

Hapa hata mimi ninayesimulia nashindwa kumtetea. Mtu mwingine angetoka kwenye foleni akaruka kwenye basi la kwanza. Senti aliwaza masaa mawili aliyokwisha kusimama, akaona atayatupa bure kwa ajili ya watu sita, akabaki. Akapimiwa kilo zake mbili. Kisha, alipofika kituoni, akawaza kwamba nauli itameza yote aliyookoa, na miguu yake, iliyozoea, ikaanza kutembea yenyewe. Alitembea nusu anakimbia, lakini alitembea. Alipofika kwao saa sita ilikuwa inakaribia.

Viatu vya wageni vilikuwa mlangoni. Alijifuta uso kwa upande wa khanga, akajikaza kisabuni, akaingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu," alijibu dada yake Mrefu. Alikuwa mwanamke wa makamo, amekaa wima, mikono yake mikubwa imetulia juu ya mkoba. "Pole na mihangaiko."

"Nimeshapoa. Samahani sana, sikujua kama mngewahi."

Mrefu alimtazama. Yalikuwa macho yale yale, yenye usingizi kidogo pembeni, na kwa kitambo Senti alisahau kwamba chumbani kuna watu wengine. Alitamani amuulize umekula, umelala, umenikumbuka. Kisha macho ya Mrefu yalishuka hadi kwenye kikapu, na uso wake ukakunjamana.

"Ulikuwa kule?" aliuliza polepole. "Leo?"

"Leo ni Jumamosi."

Dada mtu alinyoosha mkono akachukua kipande kimoja kikapuni. Akakigeuza. Akatazama meza, ambayo mguu wake mmoja mfupi ulikuwa umeinuliwa kwa kipande kama hicho hicho, halafu akatazama mfuko uliochungulia kabatini nyuma ya vikombe.

"Mama, nyinyi mna duka?" alimuuliza mama yake Senti kwa adabu kabisa.

"Hatuna, mwanangu."

"Labda mnafua nguo za watu?"

"Wala. Tunafua zetu tu." Mama alikohoa. "Na sisi tuko wawili."

Akarudisha kipande kikapuni. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa ya hasira, na ingekuwa afadhali ingekuwa ya hasira.

"Mdogo wangu, mimi sina ubaya na wewe. Huyu nimemlea tangu ana miaka saba, wazazi wetu walipofariki. Nimefua nguo za watu, nimetembea kwa miguu mpaka visigino vikapasuka, nimepanga foleni za kila kitu chenye ufa na cha jana. Hakuna siku hata moja niliyoona raha. Niliapa mdogo wangu akipata, hatatembea tena. Sasa nakuja kumtafutia mke, namkuta mwanamke anatembea kwa hiari yake mwenyewe. Tumekaa hapa masaa mawili. Nikuulize tu, hicho ulichookoa leo kinalingana na sisi?"

Senti alikiweka kikapu chini.

"Nilikuletea katoni nzima," Mrefu alisema.

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Sijaifungua."

"Hujaifungua!" Mrefu alisimama, akakaa tena. "Senti, karakana wanakulipa kwa saa. Ungeshona vifungo yale masaa manne, ungepata hela ya kununua sabuni mara tatu ya hiyo. Unatupa kikubwa unakimbilia kidogo. Hata hesabu hiyo inakupita?"

"Hainipiti."

"Unaijua?"

"Naijua tangu mwaka wa kwanza."

Mama yake Senti alimimina chai kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Senti aliona machozi yanakuja, na hakutaka kulia mbele ya wageni, basi akanyanyua kikapu chake kana kwamba ana pa kukipeleka, akatoka kwa mlango wa uani.

Alikaa kwenye ngazi ya simenti, karibu na tangi la maji. Hakungoja sana. Kivuli kirefu kilikuja kikasimama juu yake.

"Unanizibia jua," alisema bila kuinua uso.

Mrefu hakucheka. Alichuchumaa mbele yake, akiishika tai isiguse chini. "Niambie. Kama hesabu unaijua, unakwenda kule kufanya nini?"

"Sikuwa nafuata sabuni."

"Ulikuwa unafuata nini?"

Senti akamtazama tu. Alimtazama mpaka Mrefu mwenyewe akaelewa, na alipoelewa, akayaondoa macho yake akayapeleka kwenye tangi.

"Saa moja ya kwenda, saa moja ya kurudi," Senti alisema. "Wewe na mimi, hakuna wa kutuita. Nilikuwa nashona vifungo wiki nzima nikipanga nitakayokusimulia. Hata foleni ikienda haraka nilikuwa nakasirika. Ningeweza kununua sabuni dukani, Mrefu. Siku zote ningeweza."

Mrefu alilegeza tai yake.

"Mimi nilikuwa nafuata sabuni," alisema mwishowe.

Maneno yale yalimwingia Senti polepole, na yalipomaliza kuingia, yaliuma.

"Sikuwa na nauli," Mrefu aliendelea. "Ile chenji uliyokuwa unanunulia kiberiti, mimi ilikuwa chakula changu cha mchana. Wewe unacheka njiani, mimi nawaza soli ya kiatu isiachie mbele yako. Nilikuwa najificha nikiona mtu tunayefahamiana. Siku hizi nikipita pale na gari nageuza uso upande wa pili."

"Siku zote ilikuwa hivyo?"

"Si siku zote." Sauti yake ilipungua. "Ulikuwepo wewe. Nisingefika hata mwezi wa kwanza kama usingekuwepo. Lakini siwezi kurudi pale, Senti. Usiniombe nipende kitu ambacho kilikuwa kinanidhalilisha."

Sasa Senti alilia, na hakujificha. Alilia kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya kijana wa viatu vilivyochoka, aliyetembea pembeni yake miaka yote hiyo akiwa na njaa, naye hakujua. Mrefu aliinua mkono akamfuta shavu kwa kidole gumba. Vidole vya Senti vilikuwa vyeupe kwa unga wa sabuni, na alipomshika mkono, unga ukabaki kwenye mkono wa shati lake safi. Hakuukung'uta.

"Basi tuiache foleni," Senti alisema alipopata pumzi. "Siitaki tena. Leo ilikuwa ya mwisho. Lakini nikuulize na mimi. Ulisema tusipoteze muda. Masaa manne kila Jumamosi, Jumamosi ishirini tangu uache. Hayo ni masaa themanini tumeyaokoa. Yako wapi?"

"Yako wapi vipi?"

"Umeyaweka wapi? Mimi hukunipa hata moja."

Ungemwona Mrefu ungemhurumia, mtu aliyezoea kujibu maswali ya mizigo na makopo ya rangi, anakuna shingo.

"Kazini," alisema. "Nafanya kwa ajili yetu."

"Kwa ajili yetu, halafu mimi sipo?"

"Senti..."

"Sikugombezi. Nataka kujua tu, maana natakiwa kujibu leo." Alijipangusa uso. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitasimama kwenye kona ya duka la dawa. Njoo tutembee. Si kiwandani, njia yoyote unayoitaka, hata kuzunguka uwanja wa mpira. Hatununui kitu, hatuokoi kitu. Saa moja tu, kisha uondoke na lori lako. Ukija, nitakwambia ndiyo hapo hapo, na dada yako nitamwangukia miguuni anisamehe ya leo."

"Na nisipoweza?"

"Utakuwa umenijibu wewe."

Honi ililia mbele ya nyumba, mara mbili. Dada mtu alisikika anaaga. Mrefu alisimama, akamtazama kutoka kule juu, na macho yake yalijaa kitu ambacho Senti angekipokea kwa mikono miwili kama kingesemwa.

"Nitakuja," alisema. "Haki ya Mungu, nitakuja."

Senti hakupata usingizi. Alfajiri alioga, akavaa gauni la kijani ambalo Mrefu aliwahi kulisifia, akalivua akiona amezidisha, akalivaa tena. Mama yake alimwona akipita mlangoni mikono mitupu, bila kikapu, akafungua kinywa aulize, kisha akaona aache.

Duka la dawa lilikuwa limefungwa. Alisimama chini ya kibaraza chake. Mji wa Jumapili asubuhi hauna haraka, mfagiaji mmoja anafagia upande wa pili, mbwa anavuka. Saa kumi na mbili ikapita. Senti akajiambia saa yake inawahi. Saa kumi na mbili na nusu akajiambia Mrefu siku zote huchelewa kufunga kamba za viatu. Alipanga atakayomsimulia. Habari za fundi mkuu aliyeshona tundu la kifungo juu ya mfuko, angelicheka hilo. Saa moja kasoro dakika tano akaacha kupanga.

Pikipiki ilikata kona ikasimama mbele yake. Mwendeshaji alikuwa mzee mwenye masharubu ya mvi, amevaa koti zito.

"Wewe ndiye Senti?"

"Ndiye mimi. Umenijuaje?"

"Nimeambiwa dada mwembamba, amesimama peke yake." Akampa bahasha. "Nimeshalipwa. Kama kuna jibu nitalipeleka, wenye lori wako njiani kutoka mjini, nitawawahi kwenye kituo cha mafuta."

Ndani mlikuwa na tiketi ya basi, ya Ijumaa, kiti cha dirishani. Nyuma yake, kwa mwandiko mnyoofu wa karani, Mrefu alikuwa ameandika: *Senti wangu, jana jioni nilipita stendi nikakukatia hii, nilitaka nikupe mwenyewe. Dereva wa lori amefika mapema na anatoza kila saa ya kungoja, nikaona tusiitupe hela hiyo. Njoo Ijumaa uione nyumba. Ina vyumba vitatu. Kutembea tutatembea huko.*

Senti alisoma mara mbili. Hakukuwa na neno baya hata moja. Mtu mwingine angeibusu karatasi ile. Aliitafuta hasira mwilini mwake hakuipata, alikuta uchovu tu, na upweke mkubwa ambao ulikuwepo miezi mitano na sasa ulikuwa hauna tena wa kumsubiri.

"Kuna jibu?" aliuliza mzee.

"Hapana, baba. Ahsante. Nenda salama."

Alitembea hadi stendi. Ofisi ya mabasi ilikuwa wazi, na karani wake, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anakunywa chai.

"Nataka kurudisha tiketi hii."

Karani aliichunguza. "Hela inarudi kwenye simu iliyolipia. Si yako?"

"Si yangu. Irudi kwake."

"Ukirudisha leo, dada, tunakata nusu. Ila kesho mhasibu anakuwepo, unajaza fomu, inarudi yote kamili. Ni kupanga foleni tu. Masaa mawili hivi, ukiwahi."

Maisha yake yote Senti hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo, inarudi yote kamili, ni kupanga foleni tu. Alitazama tiketi mkononi mwa karani.

"Rudisha leo," alisema.

"Nusu nzima inapotea!"

"Najua."

Karani alimtazama juu ya miwani, akatikisa kichwa, akabonyeza bonyeza mashine yake. "Haya. Mwenyewe ataona ujumbe sasa hivi."

Senti hakuwa amefika hata mlangoni simu yake ilipolia. Alikaa nayo mkononi, jina la Mrefu likiwaka, kisha akapokea.

"Senti?" Nyuma ya sauti yake lori lilikuwa linanguruma. "Nimepata ujumbe hapa. Umerudisha tiketi?"

"Nimerudisha."

Alimsikia anapumua. Alijua kwamba kule aliko uso umemshuka, kwamba anatafuta neno, na kwa moyo wake wote alitamani alipate. Alibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Lakini wamekata nusu," Mrefu alisema, na sauti yake ilitetemeka. "Ungengoja mpaka kesho tu, wangerudisha yote. Kwa nini hukungoja?"

Senti alifumba macho.

"Nilikwisha kungoja, Mrefu. Asubuhi."

Senti akampa muda. Alihesabu abiria watano wakipanda basi, akahesabu na wa sita, na bado upande wa pili palikuwa na mngurumo tu wa lori.

"Safari njema," akasema, na akakata simu.

Palikuwa na benchi la abiria karibu na mlango wa ofisi. Alikaa katikati ya watu na mizigo yao, gauni la kijani likiwa limekunjamana magotini, akalia kwa sauti. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mama mmoja alisogeza begi lake ampishe nafasi, akidhani na yeye anangoja basi.